Mwenyekiti Hapigi Kura

Zahanati iliuza magari yake mawili Jumanne moja saa nne asubuhi, na aliyeyanunua ni kaka wa mke wa mkurugenzi. Tarehe ninayo. Namba za usajili ninazo zote mbili. Waliosahau na wasahau.

Baada ya hapo wauguzi wa majumbani, wale wanaowafuata wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, waliambiwa watembee kwa muda. Hilo neno "kwa muda" nalijua vizuri. Kiwandani kwetu basi la wafanyakazi liliondolewa kwa muda, nami nikiwa katibu wa kamati nikaandika barua kumi na moja. Muda huo sasa una miaka kumi na minane. Kwa wauguzi ulidumu miezi kumi, kisha likabandikwa tangazo la mistari minne: kuanzia Jumatatu ya tarehe mosi, muuguzi mwenye gari lake ataendelea na wagonjwa wake, asiye na gari atahamia chumba cha mafaili.

Mdogo wangu wa kike ana wagonjwa tisa. Baadhi yao amewahudumia miaka sita. Chumba cha mafaili kiko nyuma ya jengo, hakina dirisha, na aliyeingia humo hajawahi kutoka kabla ya kustaafu. Kwa hiyo Jumamosi, zikiwa zimebaki siku mbili, tulikwenda kununua gari.

Lazima nieleze jinsi tunavyoamua mambo. Familia yetu haifanyi jambo bila kikao. Utaratibu huo niliuleta mimi kutoka kwenye kamati: ajenda, mjadala, kura kwa kunyoosha mkono, mengineyo, kufunga. Jiko tulilichagua kwa kura. Marehemu baba tulimpeleka hospitali kwa kura, tena alipita kwa kura moja. Majirani huvunjika mbavu kwa kicheko, lakini wacheke tu. Na kwa kuwa gari lilikuwa la mdogo wangu, tulimpa heshima yake: yeye ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti huongoza kikao. Mwenyekiti hapigi kura.

Tulikwenda watu wanne: mimi; mdogo wangu na mkoba wake wa kazi; mume wake, ambaye ni seremala; na fundi tunayemwita Sikio, kwa sababu huweka bisibisi ndefu juu ya injini, akabana sikio kwenye mpini, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za msiba.

Muuza magari alitupokea getini meno nje.

"Karibuni wazee wangu! Karibu mama! Leo hamtoki bure hapa."

"Tutatoka na tunachokitaka," nikamwambia.

"Huyu ni nani, mwanasheria?" akamuuliza shemeji.

"Ni shemeji yangu. Mzoee tu. Nyumbani anatuandikia mihutasari."

Magari madogo yaliyotufaa yalikuwa matatu, na bei zilikaribiana, kwa hiyo suala halikuwa bei. La kwanza lilikuwa jekundu, injini ya silinda tatu, ujazo wa cc elfu moja, gia za mkono. La pili la kijivu, cc elfu moja na mia tatu, otomatiki ya mkanda, ile isiyo na hatua za gia. La tatu jeupe lililochakaa viti, cc elfu moja na mia tano, otomatiki ya zamani yenye gia nne. Hilo la tatu Sikio alibonyeza kona yake ya mbele kwa mikono miwili, likabonyea, likarudi, likabonyea tena lenyewe.

"Shokapu hizi zimeshachoka," akasema. "Hili si gari, ni godoro."

Tangu hapo likawa Godoro.

Tulianza na jekundu. Niliendesha mimi. Sitaki kutia chumvi: lile gari lilikuwa zuri. Usukani ulikuwa mzito kidogo, lakini ukiugusa tu, gari limeshakwenda. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali sikupunguza mwendo na halikuyumba. Likisimama lilitetemeka, maana silinda tatu haziwezi kutulia kama nne, ila ukilipa gia ya pili na mafuta lilikuwa linaruka. Sikio alivuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akaachia klachi polepole. Injini ikazima palepale.

"Klachi nzima," akasema. "Ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea kunguruma."

"Na gia za mkono zikiharibika, kila fundi anazijua," nikasema. "Otomatiki ikiharibika unapiga magoti kwa mtu mmoja mwenye kompyuta. Nimeona kiwandani. Walileta mashine ambayo hakuna mtu wetu hata mmoja aliyeweza kuifungua, na miezi sita baadaye..."

"Kaka," mdogo wangu akasema kutoka kiti cha nyuma, "tunazungumzia gari."

Kijivu aliliendesha shemeji. Ndani kulikuwa kimya kama msikitini. Halikuruka wala kushtuka. Injini ilipanda sauti kwanza, kisha gari likafuata kwa kutafakari.

"Hili nalipenda," shemeji akasema. "Mke wangu atakaa kama malkia."

"Malkia gani anaendesha mwenyewe?" Sikio akamjibu. Alikuwa amechomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakipitisha puani kwa shemeji. "Nusa hapo, seremala."

Shemeji akanusa. "Kama mbao zilizoungua."

"Basi ndiyo oili yenyewe imeungua. Mkanda huo umebakiza miezi, si miaka."

Muuza magari akasema ile ni harufu ya dawa ya kusafishia. Sikio akakirudisha kijiti mahali pake.

Godoro aliliendesha Sikio, na njia nzima tulikuwa tunacheka. Kwenye kona ya matofali liliinama mpaka shemeji akanishika begani. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Unaukata, unasubiri, ndipo gari linakumbuka. Gia ya pili ilichelewa kuingia, ya tatu ikaingia kwa kishindo kidogo. Sikio akasema injini ni nzima, gia boksi ni nzima, oili yake nyekundu safi, lakini litakunywa mafuta kama mtu aliyetoka jangwani.

"Mwendo wake kama bibi harusi," nikasema.

"Bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima," shemeji akaongeza.

Mdogo wangu alikuwa nyuma mara zote tatu, mkoba mapajani, mguu wa kushoto ameunyoosha katikati ya viti. Alituuliza swali moja tu: njia ile ya kujaribia ilichaguliwa na nani. Muuza magari akajibu kwamba wateja wote hujaribia hapo, barabara ni nzuri, haina mashimo, ni tambarare. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Nilidhani amekubali.

Kikao tulikifanyia kwenye kivuli cha kibanda cha yadi, tumezunguka pipa la oili. Mwenyekiti alifungua saa tano na dakika kumi. Wapiga kura tulikuwa watatu: mimi, shemeji, na mama, ambaye alishiriki kwa simu, sauti imefunguliwa. Sikio ni mtaalamu mwalikwa, hana kura.

Nilitoa hoja. Nilisema gari jekundu lina mashiko barabarani, linakula mafuta kidogo, na litatengenezeka hata uani kwetu. Nilisema gia za mkono zinamfanya dereva aliamuru gari, si gari kumwamuru dereva, na kwamba tumeamuriwa vya kutosha. Nilinogewa, nakiri. Shemeji aliomboleza la kijivu kidogo, kisha akaniunga mkono.

"Mama, unasemaje?" mdogo wangu akauliza simu.

"Kaka yako kasema lipi?"

"Jekundu."

"Basi hilo hilo. Nina maharage jikoni."

Simu ikakatika. Kura tatu kwa sifuri. Muuza magari, aliyekuwa ametega sikio mlangoni, alikwisha kuchomoa fomu na kalamu.

"Ajenda ya mwisho," mwenyekiti akasema. "Mengineyo. Kuna mwenye mengineyo?"

Nikafunga daftari langu.

"Mimi ninalo. Mwenyekiti anataka kuendesha."

Shemeji alicheka, halafu akaacha. Sote tulitazamana. Tulikuwa tumekaa pale asubuhi nzima, tumepanda, tumeshuka, tumenusa, tumepiga kura, na mwenye gari hakuwa amegusa usukani hata mara moja. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemuuliza.

"Nami nitachagua njia," akasema.

Alikaa kwenye usukani wa jekundu, mimi pembeni yake, wengine wakafuata kwa miguu. Hakwenda kwenye kona ya matofali. Alikata kushoto, akavuka mfereji, akaingia kwenye mwinuko wa udongo unaopanda kwa mgonjwa wake wa kidonda cha mguu. Njia hiyo ni nyembamba, ina ukuta wa mawe upande mmoja, na katikati yake watu huteka maji bombani, kwa hiyo kila gari lazima lisimame pale likisubiri ndoo ziondolewe. Tukasimama. Ndoo zikaondolewa. Akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akaanza kuachia.

Injini ikazima.

Akawasha tena. Safari hii klachi iliachiwa ghafla, gari likaruka, likazima, likaanza kurudi nyuma kuelekea ukutani. Nikavuta breki ya mkono. Mara ya tatu nilimtazama usoni, akiwa amekunja ndita na jasho juu ya mdomo, kisha nikatazama chini, na ndipo nilipouona mguu wake. Kifundo cha kushoto kilikuwa hakikunjiki. Alikuwa anaikanyaga klachi kwa kusukuma na nyonga nzima, na klachi ya mlimani haitaki nyonga. Inataka kifundo, kidogo kidogo, na kuishikilia hapo katikati.

Alivunjika kifundo hicho miezi saba kabla, kwenye ngazi za mgonjwa, siku ya mvua, alipokuwa anatembea kwa miguu kwa sababu magari yameuzwa. Wiki sita alikaa na plasta. Mimi mwenyewe niliandika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi, nayo nakala yake ninayo. Namba za usajili za magari yaliyouzwa naweza kuzitaja usingizini. Mguu wa mdogo wangu niliuandikia barua, nikaufungia kwenye faili.

"Ungesema," nikamwambia.

"Lini? Mwenyekiti hachangii hoja mpaka wajumbe wamalize. Si wewe uliyeniambia?"

"Hiyo ni kanuni ya..."

"Kaka, shika breki. Watu wanataka kupita."

Mwanamke mwenye ndoo alichungulia dirishani. "Nesi! Gari jipya?"

"Bado tunajadiliana," mdogo wangu akamjibu.

Shemeji alipofika juu akihema, nilimweleza. Alifungua mlango wa mkewe, akachuchumaa, akakishika kile kifundo kwa vidole kama anavyopima ubao kabla ya kuukata.

"Hiki nacho nilikisahau," akasema. "Naamka nacho kitanda kimoja."

Tulilirudisha jekundu. Mdogo wangu akaomba ufunguo wa Godoro, akalipeleka kwenye mwinuko uleule, akasimama palepale bombani. Aliondoa mguu kwenye breki, gari halikurudi nyuma hata kiganja. Akakanyaga mafuta. Godoro likanguruma, likafikiri, likapanda. Mguu wa kushoto aliulaza pembeni, haukuwa na kazi. Alisimama na kuondoka mara nne, kwa makusudi, huku wateka maji wakimwuliza kama amepotea.

Kwenye kona ya juu liliinama vilevile.

"Linainama," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Nitapunguza mwendo. Sindano haihitaji mbio."

"Na mafuta?"

"Ndiyo, litakunywa. Nitakwenda na ratiba ya mtaa kwa mtaa, si mbele na nyuma kama mnavyonipangia." Akageuza usukani. "Na Sikio atabadilisha shokapu za mbele leo hii. Hilo si swali."

Kwa kanuni, uamuzi wa kikao hufutwa na kikao. Nililisema hilo pale pipani. Shemeji akanyoosha mkono kabla sijamaliza: anafuta kura yake. Nami nikafuta yangu. Tukampigia mama, nikamsomea hoja mpya na sababu zake.

"Kwa hiyo mwanzo mlikuwa mnamnunulia nani?" mama akauliza.

Sikio alikohoa, akainama kutazama tairi.

"Mwanangu," mama akamwambia binti yake, "chukua unalolitaka. Na huyo kaka yako mwambie aje ale, naona njaa imemshika."

Muuza magari alirarua fomu ya kwanza, akaandika nyingine. Alijaribu kusema kwamba jekundu lingetupa raha zaidi barabarani, na mdogo wangu akamwambia kwamba ni kweli, kisha akatia saini. Jioni ile Sikio alifunga shokapu mpya mbili uani kwetu, nikimshikia taa na spana bila kutoa hoja yoyote.

Jumatatu nilikwenda zahanati kwa sababu nilitaka kuwapo. Wauguzi wa majumbani walikuwa wanne. Wawili walisimama barazani na vikombe vyao vya chai mkononi, tayari kuhamishiwa mafaili. Msimamizi alitoka na karatasi, akalizunguka Godoro, akasoma leseni ya mdogo wangu mbele na nyuma.

"Hili ni lako?"

"Langu."

"Kwa vile una gari kubwa kidogo," akasema, "nimekuongezea wagonjwa watano wa hawa wenzako. Kwa muda."

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu aliniwahi. "Niandikie hapo kwamba ni kwa muda, na mpaka tarehe gani, na saini yako. Kaka, mpe kalamu."

Msimamizi alisimama na karatasi yake. Nilimpa kalamu. Aliandika tarehe, kwa herufi ndogo sana, akasaini. Mdogo wangu akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akawaaga wenzake wawili kwa majina yao, akawasha gari. Saa mbili na dakika ishirini yule mgonjwa wa kidonda cha mguu, kule juu ya bomba, alikuwa ameshafunguliwa bandeji.