Siku Big Okra Aliposema Kweli Redioni

Kwanza niweke jambo moja wazi, kwa heshima zote zinazostahili: karatasi ya maswali niliibadilisha mimi. Roosevelt Banks, anayepiga ngoma kubwa na ambaye amekwishaadhibiwa kwa kosa hili, alishika mlango tu.

Shule yetu, Bethel Pines, iko kusini mwa mji wa Jackson, Mississippi, katikati ya misonobari na mbu. Ni shule ya bweni. Tuna kanisa, tuna kambare wa kukaanga kila Ijumaa, na tuna bendi ya watu tisini. Mimi napuliza tuba, ile tarumbeta kubwa inayovaliwa mwilini kama chatu aliyeshiba. Tuna timu ya mpira pia. Mpira huchezwa ili bendi ipate muda wa kujiandaa kwa ajili ya mapumziko, tunapopiga sisi.

Mechi kubwa kuliko zote ni ile ya Jumamosi ya Marejeo, mwezi Oktoba, wakati wote waliowahi kusoma hapa wanarudi kula, kukumbatiana, na kutuambia kwamba enzi zao bendi ilikuwa bora zaidi. Huu ulikuwa mwaka wangu wa mwisho, kwa hiyo ilikuwa Marejeo yangu ya mwisho ndani ya tuba. Nilitaka kitu kimoja tu. Sote tisini tulitaka kitu hicho hicho. Tulitaka kupiga "Sahani ya Pili".

"Sahani ya Pili" ni wimbo wa Big Okra. Ndiyo, okra, bamia, mboga ile ile. Jina lake la kuzaliwa ni Delvonte Hubbard, alisoma hapa Bethel Pines, akapuliza tromboni hapa hapa, kisha akawa rapa anayejulikana kutoka Memphis mpaka Houston. Wimbo wake unaanza na tarumbeta na tromboni tupu, bila ngoma, na zile sekunde nane za mwanzo zinaweza kumfanya bibi yako aweke mkoba chini katikati ya duka acheze. Kila bendi ya shule katika jimbo hili inaupiga. Mwaka jana wapinzani wetu wa Harlan Ridge waliupiga kwenye uwanja wetu, wametugeukia sisi, na walipomaliza safu yao nzima ya tuba ikatuinamia kwa adabu. Sikula chakula cha jioni siku ile.

Sisi tu ndio hatuupigi. Mwalimu wetu wa bendi, Miss Odessa Pruitt, alikataa. Ukimuuliza sababu, anasema tufungue ukurasa unaofuata. Tulidhani tatizo ni maneno ya wimbo, lakini mkuu wa shule, Mchungaji Daktari Gaines, aliyasoma yote kwa miwani yake miwili na kutangaza kwamba hakukuta humo dhambi yoyote isipokuwa ulafi. Basi tukahitimisha kwamba tatizo ni mwanamume mwenyewe. Yeye na Miss Pruitt walikuwa wapenzi kwa miaka sita, na wakaachana mtandaoni, kwa namna ambayo kila mwenye simu alishiriki.

Hata hivyo, kwa wiki tatu tulikuwa tukiufanyia mazoezi kwenye chumba cha kufulia nguo, mashine zote zikiwa zinazunguka ili tusisikike. Tuliunakili kwa masikio kutoka kwenye rekodi, noti moja baada ya nyingine.

Ndipo ikatangazwa kwamba Big Okra mwenyewe anakuja kwenye Marejeo, na kwamba Ijumaa saa kumi atahojiwa mubashara kwenye redio ya shule. Mhojaji ni mimi, Ernestine Coley. Tuliona mlango umefunguka. Angesema maneno mawili matatu ya unyenyekevu, Miss Pruitt angelainika, na Jumamosi tungepiga.

Mpango ulikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba Big Okra hajui kusema kitu kisicho kweli. Mtangazaji mmoja wa televisheni kule Atlanta aliwahi kuisifia albamu yake ya pili, naye Big Okra akawaomba watu wasiisikilize wakiwa wanaendesha gari, kwa sababu watasinzia.

Kasoro ya pili ilikuwa maswali ya Mchungaji Gaines. La kwanza lilitaka kujua ni somo gani lililomjenga zaidi. La nne pia. Hakuna mwanamke aliyewahi kulainika kwa maswali kama yale. Kwa hiyo niliikunja karatasi yake kwa uangalifu, nikaitumbukiza ndani ya tuba yangu, Roosevelt akiwa ameshika mlango, nikaandika nyingine.

Redio yetu ni chumba kilichokuwa stoo ya mafagio, na bado kinanuka sabuni. Big Okra aliingia kwa ubavu. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye meno mawili ya dhahabu, na alikaa kwenye kiti cha darasa la tatu kana kwamba anakiomba radhi. Meneja wake, Bwana Fontaine, alibaki mlangoni na simu mbili. Sauti yetu ilikuwa inasikika kwenye bwalo la chakula, mtandaoni, na kwenye chumba cha bendi, ambako kitufe cha kuzimia spika kilipotea tangu mwezi Machi katika mazingira nisiyoyakumbuka vizuri.

Nilianza na muziki. Nilimuuliza anajuaje kwamba wimbo umekamilika.

"Studio ni waongo, mdogo wangu," alisema. "Kule kila kitu kinasikika kizuri. Mimi naupeleka wimbo kwenye gari la binamu yangu, tunapita nao barabara ya kokoto. Namba ya gari nyuma isipotetemeka, narudi jikoni."

Nikamuuliza kuhusu marapa wachanga wa siku hizi. Alisema anawapenda, ila wanachana kama kuna mtoto amelala chumba cha pili. Akasema watu wa kaskazini waliwacheka miaka mingi watu wa kwetu kwamba wanaongea polepole, na wala hawakukosea, ila walisahau kwamba sisi tunaongea huku tunakula. Kupitia ukutani nilisikia bwalo zima linapiga meza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Nikahamia kwenye maswali ya mtandao. Hapo alinyoosha miguu, ikamgusa Fontaine mlangoni. Alisema mtandao ni jirani asiyelala, asiyekukaribisha kula, lakini anayejua umenenepa kwa kilo ngapi. Alisema kuna mtu mmoja, mwenye picha ya samaki, ambaye amemtukana kila asubuhi kwa miaka minne, na wiki ambayo mtu yule hakuonekana, yeye mwenyewe alipata wasiwasi akaanza kumuulizia.

"Alikuwa anaumwa?" niliuliza.

"Alikuwa ameoa. Amerudi sasa, lakini matusi yake hayana moyo."

Fontaine alianza kutabasamu. Mimi nikageuza karatasi na kuliona swali la mahusiano, ambalo saa sita mchana lilikuwa limeonekana wazo zuri sana. Nililisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mazishi: je, wapenzi wapeane paswedi za simu?

Alirekebisha kofia yake. Halafu akasema yeye alimpa mpenzi wake paswedi, na akawapa watu wengine mengine yote.

Akasimulia. Jioni moja alikuwa amesahau onyesho la kwanza la huyo mwanamke akiongoza bendi. Wakagombana. Yeye akatoka nje, akasimama karibu na banda la mbwa, akawasha kamera na kuwauliza wafuasi wake nani ana haki. Fontaine pale mlangoni alikuwa anakata hewa kwa viganja, nyamaza, nyamaza. Big Okra alimtazama kwa upole na kuendelea.

"Watu elfu arobaini na moja walipiga kura. Nikashinda, tena vibaya sana. Nikaingia ndani kumwonyesha matokeo. Akasoma, akanirudishia simu, akaenda kuchukua sanduku. Usiku ule nililala na haki yangu kitandani, mimi nayo tu, na ilikuwa baridi."

Kupitia ukutani nilisikia uma mmoja ukianguka.

Nilijua kwamba tumeshapoteza. Hakuna mwalimu ambaye angesikia habari zake zikisimuliwa kwa shule nzima, pamoja na banda la mbwa, halafu atupigishe wimbo. Basi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuokoa, niliuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote.

"Kaka Okra, kwa nini bendi yetu haiupigi wimbo wako?"

Alivua kofia.

"Kwa sababu si wangu."

Fontaine aliangusha simu moja.

"Maneno ni yangu," alisema Big Okra. "Lakini wimbo mnaoupenda nyie ni zile tarumbeta za mwanzo, na zile ni za Odessa. Alikuwa anaziimba mdomo umefumba, akiosha mboga za majani. Unajua mboga zinaoshwa mara tatu ili mchanga utoke. Ule wimbo ulikuwa na urefu wa maji matatu. Mimi niliurekodi kwa simu kupitia mlango wa jikoni. Nikaupeleka studio, na jina lake sikuliandika popote. Kila mtu ananisifia kwa kitu nilichokiokota nyuma ya mlango. Huo ndio ukweli, na Fontaine, chukua simu yako, haijavunjika."

Nilikuwa bado naigeuza karatasi kutafuta swali lingine.

Halafu tukasikia viatu kwenye korido. Miss Pruitt ni mwembamba na anatembea kama ana metronomu, ile saa ya kuhesabu mapigo ya muziki, mfukoni. Fontaine alisogea bila kuambiwa. Sasa tulikuwa watu wanne kwenye stoo ya mafagio. Mwalimu hakumtazama Big Okra. Alinitazama mimi.

"Coley. Kwa wiki tatu mmekuwa kwenye chumba cha kufulia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mnaupiga vibaya."

"Tumeunakili kama ulivyo kwenye rekodi, Mwalimu."

"Rekodi ndiyo mbovu." Hapo akamgeukia. "Delvonte, hata kuiba uliiba vibaya."

"Mlango ulikuwa umefungwa," alisema Big Okra kwa sauti ndogo.

"Na bomba lilikuwa linamwaga maji. Kabla tromboni hazijapanda kuna noti moja inayosubiri. Ndefu. Wewe ukadhani ni maji, ukaikata. Miaka miwili nausikia wimbo kwenye kila gari linalopita, hauna ile noti, kama mtu aliyeng'oka jino la mbele."

"Nitaandika jina lako. Wiki hii hii."

"Utaliandika. Pruitt, na T mbili." Akaangalia saa yake. "Bendi yote, chumba cha bendi, dakika tano. Na karatasi ya Mchungaji iko wapi?"

"Ndani ya tuba, Mwalimu."

"Itoe. Ndiyo maana unasikika kama una mafua."

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Nakumbuka Roosevelt akikimbia mbele yangu akiwa na kipande cha kambare mkononi, na watu tisini wakigombea mlango mmoja. Tulifanya mazoezi mpaka jua likatua, na kazi yote ilikuwa ile noti. Ni noti moja tu, lakini ukiishikilia kama alivyotaka Mwalimu, wimbo mzima unaegemea mbele kama mtu aliye ukingoni mwa kitanda, na tromboni zikipanda unataka kupiga kelele. Big Okra aliomba kuingia kusikiliza. Mwalimu akamwambia atausikia kesho pamoja na wageni wengine.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka kwenye uzio. Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma kwa magoli ambayo hakuna aliyeyahesabu. Harlan Ridge walipiga kwanza, na wakaupiga "Sahani ya Pili", nao wakatuinamia tena. Tukawapigia makofi kwa adabu kubwa. Ilikuwa adabu ya kutisha.

Kisha tukaingia sisi. Big Okra alisimama ukingoni mwa uwanja na maikrofoni, kwa sababu alikuwa ameruhusiwa na Mwalimu kuchana huku bendi ikipiga. Mwalimu alipanda kwenye ngazi yake. Akainua mkono.

Tarumbeta zikaanza, na jukwaa lote likasimama, kwa kuwa kila mtu alijua ni nini. Walidhani wanajua. Tukaifikia ile noti. Tukaishika. Mwalimu alisimamisha kidole kimoja hewani, na watu elfu nne wakasubiri pamoja naye, na katikati ya kusubiri kule ikasikika, wazi kabisa, kwenye spika zote, sauti ya Big Okra:

"Nipe sah—"

Alikuwa ameingia mapema kwenye wimbo wake mwenyewe. Jukwaa liliangua kicheko ambacho nilikisikia mpaka ndani ya shaba ya tuba. Mwalimu hakugeuka. Alitupeleka mwanzo tena, Big Okra akaingia mapema tena, akajipiga paji la uso, na bibi mmoja wa safu ya mbele akamwambia asubiri chakula kiive. Mara ya tatu alifumba macho. Noti ikakaa. Kidole kikakaa. Kikashuka, tromboni zikapanda, na Big Okra akaingia pamoja nazo, sawasawa, na baada ya hapo siwezi kueleza, nilikuwa napuliza huku nalia, jambo ambalo kwa mpiga tuba ni hatari kiafya. Safu ya tuba ya Harlan Ridge ilikuwa imesimama. Nilipenda sana jinsi ilivyosimama.

Baadaye meza za chakula zilipangwa nyuma ya jukwaa. Miss Pruitt alikuwa amezungukwa na wanafunzi wake wa zamani, wote wanaongea kwa pamoja. Big Okra alikuja na sahani yake, akasimama kando, akafungua mdomo. Mwalimu, bila kukatisha mazungumzo, akainua kidole kile kile.

Akafunga mdomo.

Mimi nilikuwa nimepewa adhabu ya kuosha tuba kumi na nne kwa siki, kwa sababu ya ile karatasi, kwa hiyo sikuweza kubaki. Nilipogeuka kwenye kona ya jukwaa alikuwa bado amesimama pale pale, kambare wake anapoa, midomo yake ikihesabu mapigo polepole.