Kichwa cha Treni cha Heritier

Mzungu aliyemwachia Castory kile kichwa cha treni alidhani amempa kitu kilichokamilika. Kilikuwa cha dukani, kidogo cha kushikika mkononi, kichwa cha dizeli chenye rangi ya kung'aa na boksi lake lenye dirisha la nailoni. Ulikiweka tu kwenye reli zake ndogo, ukawasha umeme, kikaenda. Reli zenyewe zilibaki Ulaya, lakini Castory hakuzijali. Alikigeuza mara moja mkononi akaona kwamba kazi yake bado haijaanza.

Mtu aliyezeekea kwenye karakana ya reli Kigoma hadanganywi na rangi. Vyuma vya kushikia vilikuwa vimechorwa tu ubavuni, kama nyusi za wanja. Madirisha hayakuwa na vioo. Mabomba ya breki hayakuwepo kabisa, na hilo Castory aliliona kama tusi. Halafu kilikuwa kisafi mno. Kichwa cha dizeli kisicho na masizi ni kama mpishi asiyenuka kitunguu, humwamini hata akikuapia.

Alikuwa amestaafu, mke amemzika, watoto wametawanyika Tabora na Dar es Salaam. Basi akatoa meza barazani kwake, Katubuka, akaanza. Vile vyuma vya kuchorwa alivikwangua kwa wembe. Alitoboa matundu kwa sindano iliyopashwa moto, akapachika nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, vikawa vyuma kweli vya kushikia. Vioo alivikata kwenye kasha la kaseti. Majirani walisema mzee wa watu amerudi utotoni, na yeye aliwaacha waseme, maana mdomo hauna kodi.

Miaka ile mji ulikuwa umejaa watu waliovuka ziwa kukimbia vita ya Kongo. Wengi walipelekwa kambini, wengine walikuwa na ndugu wa kuwapokea. Regina alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Alitoka Kalemie, ng'ambo, akapokelewa Ujiji na Mzee Dunia, baba mdogo wa mumewe, aliyehamia upande huu zamani na kuota mizizi kwenye biashara ya samaki. Mzee Dunia alimpa migebuka mikavu ya kutembeza, na kila Alhamisi beseni lake lilipita Katubuka.

Alhamisi moja alibisha hodi kwa Castory, akaona kile kitu mezani. Aliliweka beseni chini taratibu. Hakuuliza kama anaruhusiwa kushika.

"Hii ni gari ya bwana yangu," alisema.

"Ni ya kiwandani, dada. Imetoka Ulaya."

"Najua. Lakini sura ni ile." Alikigeuza kwenye mwanga. "Haiko hivi, fundi. Ya kwetu ilikuwa na manjano huku chini, na hapa mbele ilibonyea. Iligonga ng'ombe."

Castory akamvutia kiti. Hapo ndipo aliposikia habari za Heritier.

Heritier alikuwa dereva wa treni Kalemie, na nyumba yao ilikuwa mlimani, reli zikipita chini yake. Siku ambayo angelala nyumbani alifunga kipande cha kitambaa kwenye chuma cha kushikia, karibu na mlango wa kulia. Siku ambayo angeendelea na kazi hakufunga kitu. Regina alisimama mlangoni, treni ikapita chini. Akiona kitambaa alibandika sufuria. Maji ya ugali yalichemka wakati Heritier anapanda kilima. Alikuwa mtu wa madaha kidogo, anaendesha na glavu, mikono laini kama ya karani, na wenzake walimcheka kwa hilo. Vita ilipoingia mjini, yeye alikuwa amepeleka treni bara. Regina alimngoja hadi majirani walipomshika mkono wakamtia kwenye boti. Tangu hapo hakuna aliyemwona Heritier, wala aliyeliona kaburi lake.

"Nitengenezee, fundi," alisema. "Nifanyie iwe ile. Mimi nitakuambia, wewe utafanya."

Castory alikubali. Baadaye alijiambia kwamba ni kwa ajili ya kazi yenyewe, kwamba fundi hukua kwa kutengeneza asichokijua. Huo ulikuwa uongo. Alikubali kwa sababu alitaka Regina arudi Alhamisi ijayo.

Naye akarudi. Kila alipokuja alileta kumbukumbu moja, na Castory akaitafutia vitu vya kuitengeneza. Manjano ya chini aliyapata kwa rafiki yake anayepaka rangi mitumbwi. Alipasha kijiko moto akabonyeza pua ya kichwa kile pale alipogongwa ng'ombe, Regina akielekeza, "ongeza, ongeza, basi." Kutu aliifanya kwa vumbi la tofali na majani ya chai. Regina alikumbuka magunia ya mkaa ambayo Heritier alinunua vituo vya njiani na kuyapanga mbele ya kichwa, kama wafanyavyo madereva wote wa treni walio na wake. Castory akachana soksi, akashona magunia madogo, akayajaza unga wa mkaa. Siku hiyo Regina alicheka hadi akashika mbavu, na Castory hakulala vizuri usiku wake.

Kitu kimoja tu Regina alikizuia. Alikuwa amechana kipande chembamba cha kitenge chake cha zamani, akakifunga kwenye pindo la nguo. Kila Castory alipouliza, "Na kitambaa je?" alijibu, "Bado."

Basi kazi ikaenda, lakini ikaenda polepole, na hapo tuseme ukweli. Mkono wa Castory ulikuwa mwepesi. Angetaka, angemaliza mapema. Alikwangua alichokwishapaka, akapaka tena. Alidai gundi haijakauka. Kikimalizika atakuja kufanya nini hapa, mwanamke mwenye bwana wake? Migebuka inanunuliwa hata sokoni.

Mzee Dunia hakuwa mtoto. Siku moja alipita mwenyewe, akanywa chai, akatazama meza, akamtazama Castory.

"Fundi, mimi nimemlilia Heritier peke yangu, kimyakimya," alisema. "Yule mama bado. Kila nikitaka tuweke matanga anakataa. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwake yeye kila kitu ni cha Heritier." Akaweka kikombe chini. "Siku akikubali mwenyewe kwamba yamekwisha, mtu mwema akija kuongea nami, sitakuwa na neno."

Alimaanisha nini, hata mbuzi wa jirani angeelewa. Castory alimsindikiza hadi barabarani akitembea kama kijana. Njia ilikuwa wazi. Kilichobaki ni Regina kusahau.

Honi haikuwa hila. Aliiweka bila kufikiri. Palihitajika honi juu ya mlango wa dereva, Regina hakuwa amesema chochote juu yake, na mkono wa Castory ukafanya ulichozoea: honi mbili, moja ndefu na moja fupi. Alhamisi Regina alizitazama, uso ukamlainika.

"Ndiyo," alisema. "Moja fupi. Mlio wake ulikuwa unakwaruza. Nilikuwa naisikia hata kabla sijaona treni."

Honi ile fupi Castory aliijua kuliko alivyojua jina lake. Zamani, karakanani, alikata vibaya bomba la honi ya kichwa kimoja, na kwa kuwa hapakuwa na bomba jingine wakaifunga hivyo hivyo. Wenzake walimtania hadi anastaafu. Haikuwezekana Kalemie kuwe na honi kama ile. Angesema pale pale. Hakusema, kwa sababu ilikuwa tamu: kitu chake kimeingia nyumbani kwa Heritier na kimekaribishwa.

Akaongeza kingine, na hii sasa ilikuwa hila. Aliweka ngazi iliyopinda, kama ya kichwa alichokitengeneza mara nyingi hapa Kigoma. Regina akaikumbuka. Akaweka taa ya nyuma yenye kioo kilichopasuka. Regina akaikumbuka hiyo pia, akaeleza hata ilivyopasuka. Castory alikaa naye barazani, akisikiliza mambo yake mwenyewe yakisimuliwa kwa jina la mtu mwingine, na alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu amzike mkewe.

Ikaja Alhamisi ya mvua. Castory alikuwa amechonga dereva kwa kijiti cha kiberiti, mdogo kuliko punje ya mchele, anataka kumkalisha dirishani.

"Mkono aliuweka wapi?" aliuliza.

"Nje ya dirisha. Hivi." Regina aliegemeza kiwiko mezani. "Huu wa kulia. Wenye kovu."

"Kovu gani?"

"La moto." Alipitisha kidole kwenye mkono wake, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, macho yake yakiwa kwenye mvua. "Hapa mpaka hapa."

Castory akashusha brashi. Kovu la moto, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, lilikuwa kwenye mkono wake yeye. Aliungua kwa bomba la moshi, karakanani, akiwa kijana. Na mkono huo ulikuwa umelala mezani kila Alhamisi, mbele ya macho ya Regina, ukishika wembe na brashi.

Alilitaka hili. Tusimtetee, alilitaka kwa moyo wake wote, na sasa lilikuwa limefika, halihitaji kuongezwa neno. Angemvika yule dereva kovu, akanyamaza, na kabla ya mvua nyingine Heritier angekuwa na sura ya Castory, na Castory angekwenda Ujiji kuongea na Mzee Dunia. Alimtazama yule mama aliyekuwa akitabasamu kwa kumbukumbu isiyo yake, akaona aibu hadi masikio yakapata moto.

"Heritier alivaa glavu," alisema. "Uliniambia mikono yake ilikuwa laini kama ya karani."

Regina akageuka. Alitazama mkono uliokuwa mezani, akautazama sana.

Castory akachukua wembe. Aling'oa honi, akang'oa ngazi iliyopinda, akang'oa taa. "Hii honi si ya kwenu, dada. Ni ya hapa. Bomba lake nililikata mimi, nikakosea. Na hivi vingine niliviweka nikijua."

"Lakini mimi niliisikia."

"Unaisikia hapa, treni ya bara ikiingia stesheni. Umeisikia miaka yote hii."

Mvua ilipiga bati. Regina hakulia, wala hakumgombeza, na Castory angependa amgombeze.

"Basi nimeanza kumsahau," alisema. "Hapa hapa mezani kwako, fundi. Na mimi nilidhani namkumbuka."

Alichukua beseni lake akatoka kwenye mvua. Alhamisi iliyofuata hakupita, wala ile nyingine.

Castory alimaliza kazi kwa siku chache, kama ambavyo angeweza tangu mwanzo. Aliziba matundu ya honi, na pale ambapo hakuambiwa kitu hakuweka kitu. Dereva alimkalisha dirishani, mkono wa kulia nje, akamgusisha rangi nyeupe mkononi iwe glavu. Uso hakumpa, kwa kuwa hakuwahi kuuona. Honi fupi, ngazi na taa alivitia kwenye kiberiti kitupu.

Ng'ambo vita ilikuwa imetulia kidogo, na meli za kuwarudisha wakimbizi zilikuwa zimeanza kwenda. Mzee Dunia ndiye aliyeleta habari kwamba Regina amejiandikisha. "Anasema anakwenda kuangalia kabla hajamaliza kusahau," alisema, akamtazama Castory kwa huruma. "Sijui mlizungumza nini ninyi."

Siku ya safari Castory alivaa shati la kupigwa pasi akashuka bandarini. Alimkuta Regina kwenye foleni, amebeba mzigo wake, Mzee Dunia pembeni ameshika godoro. Castory akampa boksi. Regina alifungua palepale. Aligusa pale palipobonyea, akagusa magunia ya mkaa. Alipomwona dereva na glavu zake alifumba macho kidogo.

"Ndiyo hii," alisema. "Aksanti, fundi."

"Imebaki kitambaa. Nikufungie?"

"Hapana. Kitambaa hakifungwi na mtu mwingine. Akiwepo, atafunga mwenyewe."

"Na asipokuwepo?"

Foleni ilisogea. Watu wa nyuma walianza kusukumana na mizigo yao. Regina alifungua pindo la kitenge, akatoa kile kipande chembamba, akakiweka kiganjani mwa Castory na kumfunga vidole.

"Kaa nacho wewe," alisema, akapanda meli.

Castory alisimama gatini hadi meli ikawa ndogo kama ile kazi yake ya mezani, kisha akapanda Katubuka kwa miguu. Jioni, treni ya bara iliingia stesheni, na ile honi fupi ikakwaruza kama kawaida yake. Aliisikiliza akiwa amekaa mbele ya meza tupu. Alijua hakuna anayekuja. Meli hata haijafika ng'ambo, na huko kuna mlima, kuna nyumba, na labda kuna mtu mlangoni. Yote hayo aliyajua vizuri. Kisha akafunga kile kitambaa kwenye nguzo ya baraza, upande wa kulia, akaingia jikoni akabandika sufuria ya maji ya ugali wa watu wawili.