Kioo cha Shangazi Léopoldine

Mume wangu Gaëtan ana mikono ya fundi na akili ya kuku. Nasema hivi kwa mapenzi, maana mpaka leo namtengenezea supu. Lakini alichomfanyia shangazi yangu siku ya kuzaliwa kwake, hata mama yake mzazi alishindwa kumtetea.

Shangazi Léopoldine tunaishi naye hapa Limoges, chumba cha mbele ni chake. Humo ana kioo cha kujipambia alichorithi kwa bibi yake. Fremu ni ya shaba iliyochovywa dhahabu, imejaa mashada ya maua na malaika wanene, na ina vibao vya kauri vilivyochorwa wachungaji wanaobusiana huku kondoo wamewageuzia mgongo. Fremu yote inang'aa. Kioo chenyewe ndicho kilichochoka. Zebaki ya nyuma yake ilikuwa imelika pembeni, katikati pana ukungu, na ukijitazama unajiona kama uko nyuma ya pazia jepesi. Mikunjo yote kinaimeza. Shangazi ana miaka themanini na ushei, lakini kila asubuhi alimwona humo mwanamke wa hamsini, akampaka rangi ya midomo na kumpeleka sokoni kwa maringo.

Gaëtan akaona aibu. "Kitu cha thamani namna hii, halafu kina madoa!" Shangazi alipotoka kwenda kwa rafiki yake, akakibandua kile kioo na kutia kipya kinachoonyesha mpaka vinyweleo. Cha zamani akakiweka barabarani, kwa kuwa kesho yake lori la manispaa lilikuwa linapita kuzoa vitu vikuukuu. Na huku kwetu, kitu kikishafika barabarani siku hiyo ni cha atakayekiwahi.

Asubuhi ya sherehe ya kuzaliwa kwa shangazi nikasikia ukelele.

"Huguette! Nani amemleta huyu kikongwe chumbani kwangu?"

"Shangazi, huyo ni wewe."

"Mimi? Hebu nipishe!" Akasogea karibu, akagusa shavu lake. Baadaye akasema taratibu, "Jumapili Firmin asije. Mwambie nimekwenda mji wa Brive, kwa binamu yangu. Mwambie sirudi."

Moyo uliniuma. Bwana Firmin ni mjane, zamani alikuwa mpeleka barua. Kila Jumapili huja na keki kwenye boksi lililofungwa utepe, hukaa sebuleni kwenye ukingo wa kiti, na kwa adabu zake hajawahi hata kuchungulia chumba kingine. Mtu wa haya vile, akifukuzwa mara moja harudi tena. Na hakuna mwingine anayemchekesha shangazi mpaka ashike mbavu. Nilimfokea Gaëtan, tukatimua mbio barabarani. Kioo hakipo.

Jumapili kengele ikalia. Nikafungua mlango, uongo wangu tayari mdomoni. Firmin alikuwa amenyoa mpaka kidevu kinameremeta, na amevaa tai mpya.

"Bi Huguette, leo nimekuja kumposa shangazi yako."

Uongo wote wa Brive nikaumeza. "Leo hii?"

"Nimetaka tangu zamani. Ila kila nikinyoa najitazama, najiambia, Firmin, kwa sura hii? Mwache mama wa watu apumzike. Sasa wiki hii nimeokota kioo hapahapa mtaani kwenu. Nikanyoa nacho. Mwanangu, kumbe bado nimo!"

Nyuma ya mlango wa chumba kikasikika kikohozi, kisha sauti ya shangazi.

"Huguette! Mwambie akilete. Sitoki bila kioo changu."

Firmin akageuka rangi. Akanisukumia boksi la keki mikononi, akarukia baiskeli yake.

Aliporudi nacho, Gaëtan akakipachika kwenye fremu jasho likimtoka, mimi nimesimama nyuma yake namsimanga.

"Na hiki kipya nikiweke wapi?"

"Barabarani," alisema shangazi, uso kaufunika kwa taulo. "Lakini kigeuzie ukutani. Wapita njia hawajakukosea kitu."

Akatutoa nje, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amejipaka poda, kavaa gauni la buluu, anatembea kama anakwenda sokoni. Nusura nilie. Firmin alisimama kwa pupa mpaka kiti kikaanguka, akaposa bila hata kukiinua. Shangazi akamwacha ateseke kidogo.

"Bi Léopoldine, nakuomba unijibu leo," Firmin alisema. "Kioo nimekurudishia. Kesho asubuhi nitanyoa mbele ya kile changu cha bafuni, na ujasiri wote utaniisha."

Shangazi akavuta boksi la keki, akaanza kufungua utepe.

"Kesho," akasema, "utanyolea hapa."