Mito ya Bosi

Khr. Khr. Sauti ilitoka chumba cha pili, fupi, nzito, kama ya mtu anayepumulia ndani ya gunia. Kama uzi wa cherehani usingekatika wakati ule ule, fundi makochi asingeisikia. Alikuwa bado anaulaani uzi huo kwa maneno yasiyoandikika, mdomo ukabaki wazi.

Khr.

Akatupa mkasi, akakimbia.

Mwanawe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi kwa jinsi alivyotoa amri kwa kilio, alikuwa kifudifudi. Wiki ile ndiyo kwanza alikuwa amejua kugeuka kutoka mgongoni kwenda tumboni, na baba yake alishangilia kama aliyefunga goli. Kurudi alikuwa hajajua. Uso ulikuwa umezama kwenye mto mnene, miguu ikipiga godoro kama ya chura.

Fundi alimnyakua. Dunia ikanyamaza. Kisha Bosi akakohoa, akavuta hewa, akaangua kilio cha kudai haki yake. Baba mtu akaketi naye sakafuni.

"Lia, baba. Lia mpaka paa ling'oke. Ahsante, Mungu wangu. Ahsante."

Mkewe aliingia mbio kutoka uani, mikono imejaa povu. "Kuna nini?"

Angeweza kudanganya, hakuna aliyemwona. Mito ile miwili mirefu aliishona mwenyewe, sponji bora, kitambaa cha mahameli, zipu imefichwa isijulikane ilipo. Akaipanga kushoto na kulia kwa mtoto ili asibiringike. Juzi mkewe alipomwambia kwamba kliniki wanakataza, alimcheka: "Mtoto wa fundi makochi alale patupu kama mfungwa?"

"Mto umemziba pua," alisema. "Mto wangu."

Mkewe alimchukua mtoto, akamkagua midomo, akamkagua kucha, akamsikiliza kifua. Machozi yalimtoka kwanza, ulimi ukafuata.

"Wewe ni hodari wa kustarehesha makalio ya watu wazima, fundi. Mwanangu ana pua!"

"Nimekosa, mama."

"Tena sana. Vaa viatu, twende kliniki wamwangalie."

Muuguzi alimpima Bosi, akamkuta mzima. Bosi alimshukuru kwa kumng'oa kalamu mfukoni. Njiani kurudi, fundi alimbeba mwanawe kama anayebeba kioo, na kila pumzi iliyomgusa shingoni aliipokea kama zawadi. Hata ule uzi mbovu aliusamehe.

"Sasa akigeuka tena?" aliuliza.

"Kila mara unamlaza chali," alijibu mkewe. "Ukimkuta tumboni, mrudishe taratibu. Akishajua kwenda na kurudi mwenyewe, mwache alale alivyojiweka. Ila kitandani pawe patupu. Na kumfunga shuka ndiyo basi, mikono iwe huru."

Nyumbani fundi alitoa mito, akatoa blanketi, akatoa na mwanasesere wa manyoya. Akalibonyeza godoro: gumu, sawasawa. Akatandika shuka moja, akalivuta mpaka likakaza kama ngozi ya ngoma, akamlaza Bosi chali. Bosi akatupa mikono pande mbili, akasinzia, tumbo likipanda na kushuka.

Fundi alimgeukia mkewe.

"Ulinieleza nikakucheka, na bado mtoto nimebakiziwa. Mama Bosi, nakuahidi: mto hautaingia tena kitanda hiki, na neno lako juu ya mtoto huyu sitalicheka tena."