Moshi wa Shimo la Saba

Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mtunza nyasi wa klabu ya gofu ya kilimani huchukua mkebe wake wa chuma wenye meno na kuhamisha mashimo. Hukata jipya hatua chache kutoka la zamani, huziba la zamani kwa donge la udongo lenye nyasi zake, kisha husimika bendera. Shimo likikaa mahali pamoja muda mrefu, nyasi za kandokando hufa kwa kukanyagwa.

La saba tu halihamishi. Aliwahi kujaribu mara moja, mwaka wake wa kwanza kazini. Alisogea hatua tatu kushoto, mkebe ukatoboa paa la jiko la bibi yake. Ulitoka moshi, halafu sauti.

"Ni wewe, mjukuu wangu? Liache hapohapo. Jiko lilikosa pa kutolea moshi."

Bibi alifia bondeni, katika chumba cha kupanga, miaka mingi baada ya kijiji kizima kuondolewa kilimani ili klabu ipate nafasi. Alipokufa alirudi kwake. Mpira ukitumbukia humo, huurudisha juu ukiwa umepanguswa. Wachezaji hushukuru na kuendelea.

Klabu ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, katibu alimwita mtunza nyasi ofisini, akamwekea chai kwenye kikombe cha wanachama. Naye alikikodolea macho. Miaka kumi na moja hajapewa hata maji, leo chai ya maziwa. Hakuigusa.

"Fundi, mbona shimo la saba halihami?"

"Nyasi zake hazifi, bosi."

"Na ule moshi?"

"Bibi anapika."

Katibu aliandika. "Saa ngapi?"

"Kwani vipi?"

"Naandika historia ya klabu."

"Basi mwandike na yeye. Amezaliwa pale. Nyumba zilikuwa arobaini na mbili, anazijua zote. Muulize mwenyewe, si mbali."

Katibu alikwenda. Alipiga magoti kando ya shimo, suruali yake nyeupe ikashika ukijani, akauliza kwa adabu. Bibi alimtajia nyumba moja moja na wenyewe, mpaka adhuhuri.

"Una kikohozi, mwanangu," alimwambia. "Kaa upande usio na moshi."

Mtunza nyasi alisimama nyuma na reki yake, akiitazama kalamu. Ilikimbia mno. Mtu anayesikiliza, alijisemea, husimama mara mojamoja.

Kitabu kilitoka, karatasi zake zikimetameta. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kilima kilikuwa kitupu, nyasi na upepo tu." Ukurasa wa arobaini ulitaja saa za moshi wa shimo la saba, ili wachezaji wapange muda wao.

Mtunza nyasi alikikunja na kukipitisha shimoni.

"Wametuandika?" bibi aliuliza.

"Soma mwenyewe, bibi."

Jumatatu alikikuta juu ya nyasi, kimepanguswa kama mpira. Kurasa zote zilikuwa nyeupe, hata namba hazikuwepo. Alikipeleka ofisini na kukiweka mezani. Katibu alikifunua mwanzo hadi mwisho.

"Kazi safi," alisema. "Mfikishie shukrani zangu."

Akakitia kwenye droo, akamchomolea kingine katika rundo la mia tatu.

"Hivi vinagawiwa Jumamosi kwenye sherehe. Na fundi, mwambie bibi siku hiyo apike mapema, kabla ya hotuba."