Tofali la Doru

Bi Aurica alitumwa kutoka Bukaresti kupima ubunifu wa bweni letu kwa swali moja: tofali lina matumizi gani? Mshindi angehamia shule ya sanaa. Doru, aliyechonga vikaragosi vya mbao chini ya dawati tangu darasa la tano, hakutaka kitu kingine maishani.

Swali lilikuwa limevuja. Doru aliandaa majibu kumi, akanipa karatasi nimtunzie. Mimi, kwa heshima zote za taaluma, nililinakilia bweni zima, ili mgeni aondoke akiamini kagundua zizi la majiniasi.

Kumbe jibu linalotolewa na wengi halipewi alama. Wavulana arobaini tuliandika kwamba tofali ni mto wa kulalia wa mtawa anayetubu, na Doru akapata sifuri. Alishinda Ilie, aliyefanyia mtihani kwenye chumba cha wagonjwa bila nakala. Aliandika kwamba tofali hukandamiza kabichi inayochachushwa ndani ya pipa, jambo ambalo mama zetu wote hulifanya kila vuli.

Nikaenda kukiri.

“Mwanangu, hii ni shule ya sita wiki hii,” Bi Aurica alisema, akijisugua macho. “Alama zimeshatumwa Bukaresti. Nimechoka.”

Nilimkuta Doru akimsaidia Ilie kufunga sanduku.

“Wakikuuliza unachonga nini, waonyeshe hiki,” alimwambia, akimpa kikaragosi chake kizuri kuliko vyote.

“Mimi nilikuwa na homa tu, ndugu yangu,” Ilie akasema.

Doru akanigeukia, bila hasira hata kidogo. “Na wewe, hiki usikinakili.”