Bata Mzinga Mweupe wa Mlima Pruitt

Habari hii niliisikia kwenye duka la chakula cha mifugo, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani. Kwamba juu ya mlima Pruitt kuna bata mzinga dume wa mwituni, mweupe kama moshi, miguuni hana hata ule mwiba wa madume, kama wa jogoo. Wenzake huwa na ndevu moja kifuani, shungi la manyoya magumu kama nywele. Yeye anazo tano, zinaburutika chini.

"Marehemu kaka yangu alimwona Aprili mbili mfululizo," alisema mzee Clovis, mwenye duka. "Aprili ya pili tulimteremsha kwa blanketi. Mwindaji mwenzake alimdhania ndege, akafyatua."

Kosa langu ni kuipeleka habari hiyo nyumbani. Nilimwambia binti yangu Retha tukila maharage na mkate wa mahindi, nikitaka aogope kwenda kuwinda huko.

"Ndevu tano?" akasema. "Mama, huyo si wa kuogopwa, ni wa kutundikwa ukutani."

"Na kaka yake Clovis?"

"Yule alikuwa haoni hata lori lake mwenyewe."

Asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Bunduki haipo, na kile kisanduku cha mbao cha babu yake, cha kuigizia sauti ya jike ili dume aje, hakipo. Nikavaa sweta lililokuwa karibu, jeupe, nikajifunga kitambaa chekundu kichwani, nikapanda mlima.

Kulikuwa na ukungu. Nikasikia jike akiita mara tatu, ya mwisho ikivutwa. Nikajua ni mkono wa Retha. Sikumwita jina. Huku kwetu ukipiga kelele mlimani asubuhi ya kuwinda, umemharibia mtu msimu, na nilijua asingenisamehe. Basi nikamnyatia, nimeinama vichakani, nikiifuata ile sauti.

Kisha nikapiga chafya.

"Mama?"

Alikuwa ameegemea mwaloni, hatua ishirini tu, bunduki imenielekea. Akaishusha polepole.

"Niliona kichwa chekundu," akasema. "Mwili mweupe. Nilikuwa nimeshashika pumzi nifyatue."

"Ni kitambaa changu, mwanangu."

"Ndevu nilizihesabu, Mama. Tano."

Nikajitazama kifuani. Hapakuwa na kitu kinachoning'inia.

Nyuma yangu, karibu sana, dume akalia. Hakuna kati yetu aliyegeuka kutazama. Tuliteremka tumeshikana mikono, kama alipokuwa mdogo.

Retha bado anakwenda kila Aprili, nami siwezi kumzuia. Ndiyo maana naandika.

Usivae chekundu, cheupe wala buluu msituni. Ndizo rangi za kichwa cha dume.

Usiinyatie sauti ya bata mzinga. Huenda ni mtu.

Ukimwona mwindaji usipunge mkono. Simama, sema kwa sauti ya kawaida.

Usifyatue kwa sababu ya rangi au ndevu. Ngoja umwone ndege mzima, kichwa mpaka miguu.

Usione haya kumwita mwanao jina.

Na habari ya yule mweupe, usiipeleke nyumbani kwako.